Mayu, nimeshamwambia Kabula habari za jogoo

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo mayu. Usishtuke. Ni mimi, mkweo wa Bariadi, na leo nasema na wewe moja kwa moja, bila kuku katikati. Ungekuwa hai nisingethubutu. Ningekaa nyuma ya nyumba, nimegeukia ukuta, nasubiri mtu wa kunipelekea maneno. Lakini umelala kule Ipililo tangu mvua zilizopita, na mimi nina jibu lako ambalo nilishindwa kukupa kwa mdomo. Jibu lenyewe ni hili: nimeshamwambia. Kabula anajua yote. Nilimwambia Jumamosi, siku moja kabla hajasimama kanisani kumwita mwizi mtu asiye na kosa.

Barua hii naiacha wazi, wanaume wenzangu nao waisome.

Wewe unajua tulivyoishi, ila watakaosoma huenda hawajui. Huku kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, hali chakula mbele yake, wala hawapeani mkono. Mkikutana njiani, mmoja anapisha. Unakumbuka ile mara ya kwanza, nimekuja Ipililo kuposa, nimevaa suruali nyeupe ya kuazima? Ukatokea mbele yangu na kikapu kichwani. Sikujua nikimbilie wapi, nikaingia kwenye jaruba la mpunga, matope mpaka magotini. Wewe ulipita taratibu, ukakiambia kikapu chako: "Kumbe kuna watu wanapenda mpunga namna hii."

Hapo ndipo nilipojua kuwa mama mkwe wangu ana mdomo.

Ukawa na njia yako ya kuongea na mimi. Ukija Bariadi unakaa upande wa jikoni, mimi upande wa zizi, na kuku yeyote anayepita ndiye mjumbe wetu. "Wewe kuku, hivi hili paa la jiko linavuja kwa sababu bati zimeisha madukani?" Na mimi nageuzia uso kwenye ng'ombe najibu: "Kuku, mwambie mayu tunangoja pamba." Kabula alikuwa anacheka mpaka anaacha ugali unaungua. Alisema hajawahi kuona kuku wenye kazi nyingi kama wa nyumba hii.

Sasa tuje kwenye jogoo.

Ulikuwa umekuja kumwangalia Kabula, amejifungua huyu mtoto wetu wa mwisho, ambaye sasa yuko darasa la sita na ana mdomo kama wako. Jumapili ile ilikuwa ya mavuno. Kabula alibaki nyumbani na mtoto. Wewe ulikwenda kanisani na jogoo wako mwekundu uliyemleta kutoka Ipililo, sadaka ya shukrani kwa ajili ya mjukuu. Mimi nilikuwa na hela ya pamba yote mfukoni. Maduhu, yule karani wa kituo cha kununulia pamba, alikuwa amenilipa mpaka senti ya mwisho, ila Kabula nilikuwa bado sijamtajia ni kiasi gani. Mimi na Kabula tulishapanga: fungu la kumi nitoe Jumapili, Jumatatu ninunue mahindi ya kuweka ghalani wakati bei iko chini, halafu bati za jiko. Mipango ilikuwa mizuri kabisa. Tatizo alikuwa mwenye mfuko.

Ibada ikaisha, mnada wa sadaka ukaanza pale nje. Maboga, mihogo, mikeka, mayai. Halafu mzee wa kanisa akamnyanyua jogoo wako juu. "Mtazameni kifua! Huyu akiwika hapa, Lamadi wanaamka!"

Masalu akasimama. Masalu mkweo mwingine, aliyemuoa mdogo wake Kabula, anayeuza spea za magari Mwanza. Alikuja na shati linalong'aa. Akataja bei ya mbuzi.

Mayu, nitakuambia ukweli ambao nimekaa nao. Sikumfikiria Mungu hapo hata kidogo. Nilifikiria kuwa jogoo wa mama mkwe wangu anaondoka na Masalu mbele ya kanisa zima, na mimi mwenyeji nimekaa. Nikataja bei ya mbuzi na mtoto wake. Masalu akaongeza huku anarekebisha kola. Nikaongeza. Kinanda kikaanza kupigwa. Akina mama wakapiga vigelegele, mtu akapaza sauti nyuma, "Mheshimiwa huyo!" Neno hilo lilinipanda kichwani kuliko pombe. Nikataja bei ya ndama. Masalu akakaa chini, akanipigia makofi, na mpaka leo naamini alikuwa anacheka.

Ningeishia hapo ningepona. Lakini mtu akishaitwa mheshimiwa anaona aibu kurudi na chenji. Nikanunua maboga ya kulisha kijiji. Nikanunua mikeka. Nikaahidi saruji ya kumalizia mimbari, na nikailipa palepale, nikihesabu noti taratibu ili watu waone. Mnada ulipokwisha, mfukoni nilibaki na leso.

Katikati ya vigelegele vile nilikutupia jicho, ingawa si ruhusa. Akina mama wote walikuwa wamesimama. Wewe ulikuwa umekaa, umejifunika kanga mpaka usoni.

Jioni ulikwenda pale nilipomfunga yule jogoo, ukamwambia kwa sauti ya kunifikia zizini: "Wewe jogoo, nilikuleta umshukuru Mungu kwa ajili ya mjukuu wangu. Sasa umeuzwa bei ya ndama. Haya. Mwezi wa pili mjukuu akilia njaa, wewe ndiye utamnyonyesha."

Nikageukia ng'ombe, nikajibu: "Jogoo, mwambie mayu Mungu atatoa."

"Jogoo, mwulize kama zile alizokuwa nazo asubuhi hazikutolewa na Mungu."

Nilijifanya nakaza kamba ya ng'ombe. Jogoo hakuniuliza, na sikumlaumu.

Ndani nikamkuta Kabula amekaa kitandani, anang'aa kwa furaha. Jirani alishapita kumsimulia. "Baba Limi, nasikia leo umemtolea Bwana mpaka watu wamelia!"

"Aa, la kawaida tu," nikasema. "Fungu la kumi hilo."

Macho yakamtoka. "Fungu la kumi? Kwa hiyo zilizobaki..."

"Ziko kwa karani. Maduhu atalipa kidogo kidogo."

Unaona nilichofanya? Kabula alipiga hesabu kichwani. Kama fungu la kumi peke yake limenunua jogoo wa bei ya ndama, na maboga, na saruji, basi tulikuwa matajiri wakubwa! Kadiri nilivyokuwa nimetapanya, ndivyo tulivyozidi kuwa matajiri huko kwa Maduhu. Alinitazama kama mfalme. Na mimi, mayu, nilikaa kwenye ule ufalme nikala ugali.

Ikapita wiki, ukapita mwezi, wewe ulisharudi Ipililo. "Maduhu kalipa?" Bado. "Maduhu vipi?" Bado. Mwisho Kabula alipeleka jambo kwa akina mama wa maombi. Nilikuwepo siku hiyo, wamekaa kwenye mikeka ile ile niliyonunua mnadani, wanalia: "Bwana, mguse Maduhu! Mlegeze moyo wake, aachilie haki ya wajane na watoto!" Wajane walitoka wapi sijui, mimi nilikuwa hai, nimekaa pale pale, nasema amina.

Kuanzia hapo Kabula akikutana na Maduhu sokoni alikuwa anatazama juu kama anayeangalia mvua. Kijana anasalimia, "Mama Limi, hamjambo?" Yeye mawinguni. Na wenzake wakafuata. Kijana wa watu hakujua amekosa nini.

Njaa ikaja mwezi ule ule uliosema. Ghala lilikuwa tupu na mahindi bei juu. Kabula ananyonyesha na ameanza kukonda. Ndipo ukashuka stendi na gunia la michembe, vile viazi vyako vilivyokatwa na kukaushwa, ukaja nalo kwa bodaboda mpaka ukingoni mwa boma. Hukuingia ndani kwanza. Ulinikuta peke yangu nafunga uzio. Kuku hatukuwa nao tena, tulishawala, akiwemo yule wa bei ya ndama, na nyama yake ilikuwa ngumu. Alikuwepo mbuzi mmoja. Ukamgeukia.

"Wewe mbuzi, juzi Maduhu alinipitia nyumbani. Mama yake ni jirani yangu. Kijana mzuri, ananiambia msimu huu amewalipa watu wote, na baba Limi alikuwa wa kwanza."

Nyundo ilinitoka mkononi.

"Mbuzi, unamkumbuka yule mtu wa zamani za mitume, aliyeuza shamba lake, akaficha sehemu ya hela, akaja kujionyesha kuwa ametoa yote? Alianguka akafa palepale. Lakini yule angalau alimshirikisha mkewe."

Mayu, nimesikia mahubiri mengi. Hakuna lililonipiga kama lile la mbuzi.

Nikaiokota, nikasema, "Mbuzi, mwombe mayu asimwambie Kabula."

"Mbuzi, mimi simwambii. Hiyo kazi siyo yangu, ni yake." Halafu ukakaa juu ya gunia, ukaongea taratibu, kama unayemfundisha mbuzi kweli. Ulisema kwako, hela ya pamba ikiingia ilikuwa inawekwa mezani, wewe na marehemu mzee mnaitazama wote wawili, mnaiombea, ndipo inaguswa. Ya Mungu inatoka kwanza, na inatoka kimya. Halafu mbegu, halafu chakula mpaka mavuno mengine. "Na ya Mungu haitolewi mdomoni mwa mtoto mchanga," ulisema. "Mungu hali sahani ya mtoto."

Msimu uliofuata nilifanya hivyo hivyo. Nilifika na hela, nikaiweka yote mezani, nikamwita Kabula. Akanitazama mimi, akaitazama hela. "Baba Limi, unaumwa?" Tukaomba. Hapo nikaona kitu: hela mkiitazama wawili inakuwa na adabu. Mwaka huo hatukungoja michembe ya mtu. Jiko likapata bati. Limi, mkubwa wetu, akaenda sekondari na sanduku lake jipya. Mnadani sasa nanunua mayai, nakaa.

Watu wakaanza kutusifu. Kabula naye akawa anasema, "Na hapo Maduhu hajatulipa. Siku akilipa tunajenga choo cha vigae." Kila nikimsikia hivyo naona vile vigae vinaniangukia. Uongo ule ulikuwa kama ng'ombe uliyemfungia chumbani: kila siku lazima umlishe, na kila siku unaogopa wageni wasisikie akilia.

Na wewe ulikuwa na neno moja tu. Kila ukija, unamwuliza kuku, "Bado?" Na mimi nasema, "Kuku, mwambie mayu bado." Hukunifokea hata siku moja. Ulikuwa unaguna tu, unaendelea kuchambua mboga.

Halafu ile siku ya mwisho. Tulikuja Ipililo, umelala, umepungua mpaka nilidhani nimekosea nyumba. Kabula alitoka kuchota maji. Nilisimama mlangoni, nimegeuka nje kama desturi. Hapakuwa na kuku wala mbuzi. Nikasikia sauti yako, kwa mara ya kwanza katika miaka yetu yote, ikiniambia mimi: "Bado, mwanangu?"

Nilitoka nje. Nilikwenda nikasimama kwenye mtama, mtu mzima, nikalia. Hicho ndicho ninachokuomba radhi, kuliko hata jogoo. Uliivunja desturi kwa ajili yangu, na mimi nikakupa mgongo.

Basi mwezi huu kanisa letu limetafuta mtunza hazina mpya. Maduhu anasali kwetu siku hizi, ana mke na watoto, na jina lililopendekezwa likawa lake. Kabula aliposikia aliweka sufuria chini. "Hazina ya Mungu apewe yule? Jumapili nasimama. Nitasema mbele ya wote jinsi alivyotudhulumu." Na Kabula akisema anasimama, unamjua, umemzaa wewe.

Jumamosi mchana tulikuwa tumekaa chini tunachambua pamba, nyeupe huku, fifi ile chafu huku. Nikamwambia, "Mama Limi, kesho usisimame. Maduhu alitulipa. Alitulipa yote, kabla ya mnada. Ile hela niliimaliza mimi kanisani, kwa sifa."

Aliendelea kuchambua, haraka haraka, mpaka nikaona anatupa nyeupe kwenye fifi.

"Yote?"

"Yote."

"Na michembe ile. Mama alijua?"

"Alijua. Alisema ni kazi yangu kukuambia."

Hapo ndipo fungu zima la fifi liliponipata usoni. "Baba Limi! Nimemwombea yule kijana alegezwe moyo! Miaka yote hii nimekaa namchongea mtu kwa Mungu!" Alilia, akanyamaza, akalia tena, na mara moja katikati nilisikia kicheko kimempita, akakimeza kwa hasira. Halafu akajifunga kanga. "Pikipiki ina mafuta?"

Njia nzima hakunishika kiuno. Alishika kiti.

Tulimkuta Maduhu anaosha pikipiki yake. Kabula akashuka, akasimama mbele yake, akasema, "Maduhu, shikamoo."

Ndoo nusura imwangukie mguuni. "Mama, mimi ndiye wa kukuamkia!"

"Leo pokea tu."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kitambaa kinadondosha maji. Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Mzee, unajua nilikosa mchumba kwa ajili yenu? Baba yake alisema hawezi kumpa binti mtu anayekula hela za wakulima. Nikajiuliza, za nani?" Sikuwa najua hilo. Nilipiga magoti pale kwenye povu. Akaninyanyua. Akasema huyu mke aliyempata baadaye ndiye hasa, hamdai Mungu chochote. "Mimi nimekusamehe, baba. Ila waliokuwa wanaomba juu yangu ni kanisa zima. Basi kanisa zima lisikie."

Jumapili mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno juu ya jina hili. Kabula akasimama. Akina mama wa maombi wakajiweka sawa, maana walijua kinachokuja.

"Bwana asifiwe," akasema. "Mnakumbuka tulivyomwomba Mungu aguse moyo wa Maduhu atulipe? Nimesimama kushukuru. Maombi yetu yamejibiwa. Maduhu alitulipa." Kanisa likasema amina kwa nguvu. "Na Mungu wetu ni mwepesi, alijibu kabla hatujaomba. Maelezo atayatoa mume wangu." Akakaa.

Mayu, sijawahi kuona mbali kama umbali wa kutoka kile kiti mpaka mbele. Nilisema yote, na hakuna aliyeniita mheshimiwa. Wengine waliguna, wengine walicheka. Bibi mmoja wa maombi alisimama, akaenda akamshika Maduhu mikono yote miwili, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Wakampitisha bila hata mkono mmoja kupinga. Nje, wanaume wanne walinifuata pembeni, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniuliza kwa sauti ya chini nilianzaje kumwambia mke wangu. Nikawaambia, chagueni siku isiyo ya kuchambua pamba.

Nimepungukiwa heshima kidogo, lakini nalala. Naandika hapa mchana kweupe, Kabula yuko ubavuni anasoma kila mstari na kunisahihisha, amesema nisijipunguzie makosa. Wajukuu hawajambo. Kazi uliyoniachia imekwisha, mayu, na nakushukuru kwa kuningoja muda wote ule bila kunivua nguo mbele ya mwanao. Wabeja sana. Pumzika.

Kabla sijafunga nimemwuliza Kabula kama amenisamehe, nikuandikie. Amefikiri, amesema msamaha wa kunitosha sasa hivi amenipa, mwingine ameuweka ghalani, usije ukaisha mwezi wa pili.

Mkweo,
Baba Limi